Lakshmi, Mamba Muntu na Daftari la Hesabu

Mabanga haina hekalu la Kihindu. Anayepita Mabanga Nord au Mabanga Sud, kartie mbili za komini ya Karisimbi mjini Goma, atasikia vipaza sauti vya makanisa ya uamsho, kengele ya Wakatoliki, na adhana kwa mbali. Ataona nyumba za mbao juu ya mawe meusi ya volkeno, vibanda vya unga na makala, vijana wakisukuma chukudu zilizojaa viazi. Picha ya mwanamke mwenye mikono minne, amesimama juu ya yungiyungi huku sarafu zikimtiririka kiganjani, hataiona ukutani kwa mtu.

Lakini shughuli za mwanamke huyo zinajadiliwa Mabanga asubuhi na jioni. Fedha inatoka wapi? Inakaa kwa nani, na kwa nini inamkimbia mwingine? Jirani akipandisha ghafla ukuta wa matofali mahali palipokuwa na mbao, swali la kwanza ni amepata wapi. La pili, linaloulizwa akishapita, ni ametoa nini. Hapo ndipo wazee hutaja jina la mwanamke mwingine: Mamba Muntu.

Lakshmi, yule mungu wa mali wa Wahindu mwenye mikono minne, na Mamba Muntu wa Kongo wamekutana kwa njia ambayo hakuna kuhani wala mganga aliyeipanga. Njia hiyo ilipita Hamburg.

Mamba Muntu ni mtu kuanzia kiunoni kwenda juu, na samaki kuanzia kiunoni kwenda chini. Ana nywele ndefu zilizonyooka, kioo na kitana, mara nyingi saa ya mkononi, na nyoka hakosekani karibu naye. Wataalamu Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliochunguza michoro ya rangi ya Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1970, walimkuta ametundikwa kwenye sebule za wafanyakazi, makarani na wachuuzi, amechorwa juu ya magunia ya unga yaliyowambwa kwenye fremu. Kisa chake kinasimuliwa kwa namna nyingi, lakini kiini ni kimoja. Mtu anaokota kitana chake, au unywele wake, kando ya maji. Usiku mwenyewe anamjia ndotoni kukidai. Wanapatana: mtu atapata mali, ila asimwambie yeyote, asilale na mwanamke mwingine, na katika masimulizi makali zaidi, amtoe mmoja wa nduguze. Siri ikivuja, mali inayeyuka.

Sura hiyo ilijengwa kwa sehemu kubwa na karatasi. Katika miaka ya 1880 kampuni ya uchapaji ya Adolph Friedländer, mjini Hamburg, ilitoa bango la rangi la mwanamke mchezesha nyoka mwenye nywele nyingi, aliyekuwa akionyeshwa kwenye maonyesho ya Carl Hagenbeck. Bango likavuka bahari mikononi mwa mabaharia na wafanyabiashara. Kufikia mwaka 1901 wachongaji wa delta ya Niger walikuwa wamekwisha kumgeuza kuwa kinyago cha kuvaa kichwani, kwa heshima ya pepo wa maji waliyemwita Mami Wata, ndugu wa Mamba Muntu. Mwaka 1955 wafanyabiashara wa Kumasi waliagiza picha hiyo ichapwe upya, na aliyeichapa ni Shree Ram Calendar Company ya Bombay: nakala 12,000.

Agizo hilo halikufika Bombay kwa bahati nasibu, kwa kuwa huko picha za miungu zilikuwa biashara kubwa tangu mwaka 1894, mchoraji Raja Ravi Varma alipofungua kiwanda chake cha kuchapa kwa mawe, akisaidiwa na mafundi na mitambo ya Kijerumani. Kabla ya hapo Mhindu wa kawaida aliyetaka kumtazama Lakshmi aliyechongwa na bingwa ilimbidi aende hekaluni, na wa tabaka la chini mara nyingi hakuruhusiwa kuingia. Ravi Varma akamweka Lakshmi, mwenye sari na uso wa mwanamke unayeweza kukutana naye njiani, katika karatasi ya bei nafuu. Akaingia jikoni, dukani, kwenye kalenda. Kalenda hizo nazo zikasafiri. Mtafiti Henry John Drewal ameonyesha jinsi waabudu wa Mami Wata wa Togo, Benin na Ghana walivyozipokea picha za Kihindi na kuzipa makazi kwenye madhabahu zao: Dattatreya mwenye vichwa vitatu akawa pepo wa maji wa kiume, Densu, na Lakshmi, anayetoa sarafu akiwa katikati ya maji, akatambuliwa mara moja kuwa Mami Wata mwenyewe. Hakuna mmisionari wa Kihindu aliyehusika. Watu waliitazama picha wakaona jambo walilokuwa wakilijua tayari.

Goma, kwa upande wake, imewahi kuwaona Wahindu kwa macho. Kwa miaka mingi kikosi cha India kimekuwa mhimili wa jeshi la Umoja wa Mataifa Kivu Kaskazini, kikiwa na hospitali yake mjini. Jeshi la India lina desturi ya kuwajengea askari mahali pa sala, hata dini kadhaa chini ya paa moja, na askari wa Gorkha, waliokuwa miongoni mwao, huingia vitani wakimpigia Mahakali ukelele wa ushindi. Kali huyo ni upande mwingine wa uungu wa kike wa Kihindu: mweusi, ulimi nje, shada la mafuvu shingoni. Wakazi waliwafahamu madereva, madaktari na walinzi wa getini. Miungu yao ilibaki nyuma ya senyenge.

Basi ni vema kumwendea Lakshmi kwao.

Asili yake ni baharini. Miungu na mahasimu wao, asura, walishirikiana kuisukasuka bahari ya maziwa ili watoe kinywaji cha kutokufa. Mlima Mandara ukawa mpekecho, nyoka Vasuki akawa kamba, na mungu Vishnu akajigeuza kobe ili mlima upate pa kusimama. Kilichotoka mapema ni sumu, kali kiasi cha kuumaliza ulimwengu, ikabidi mungu Shiva aimeze. Ndiyo sababu koo lake huchorwa la buluu. Baada ya sumu zikafuata hazina, na kati ya hazina hizo akatokea Lakshmi juu ya yungiyungi, akatazama huku na huku, akamchagua Vishnu awe mume wake. Msimulizi wa Mabanga asingeona ajabu katika mpangilio huo. Sumu kwanza, mali baadaye.

Wanaomwabudu hawamwombi fedha peke yake. Wanahesabu sura zake nane, na ndani yake mna nafaka, watoto, ujasiri, ushindi na elimu. Tembo wanaommiminia maji katika picha ni mvua na ufalme. Lakini sifa yake inayowashughulisha wenye nyumba ni moja: hatulii. Leo yuko hapa, kesho kwa mwingine. Hukimbia uchafu, ugomvi na uvivu, na ndiyo maana majuma kabla ya Diwali, sikukuu ya taa, nyumba za Wahindu hupakwa chokaa, vyombo hung'arishwa, na madeni ya maneno baina ya ndugu hutafutiwa suluhu. Ana dada mkubwa, Alakshmi, mwenye nuksi na njaa, apendaye vitu vichungu na vikali. Wenye maduka nchini India huning'iniza mlangoni ndimu moja na pilipili saba. Alakshmi akija, anakula zake nje, anaridhika, anaondoka. Dini iliyoona mbali: hata umaskini unaandaliwa chakula chake, mradi usiingie ndani.

Na hata miungu ina madeni. Vishnu, katika umbo la Venkateswara anayeabudiwa Tirupati kusini mwa India, alikopa kwa Kubera, mtunza hazina wa miungu, ili agharimie harusi yake na Padmavati, ambaye ni Lakshmi aliyezaliwa upya. Wahujaji wanaotumbukiza noti kwenye sanduku la hekalu lile, mojawapo ya mahekalu tajiri kuliko yote duniani, husema wanamsaidia Bwana kulipa riba. Kijana wa Goma anayehangaikia mahari ya mchumba wake ana mwenzake huko.

Usiku wake mkuu ni usiku wa giza wa Diwali, mwezi ukiwa haupo kabisa, mwezi wa Oktoba au Novemba. Vitaa vya udongo vyenye samli au mafuta huwashwa dirishani, kizingitini, kando ya ngazi. Milango huachwa wazi. Lakshmi anapita mitaani usiku huo, naye haingii penye giza. Wabengali, ambao usiku wa Diwali humpa Kali, humwalika Lakshmi majuma mawili mapema, mwezi ukiwa mpevu; wanawake huchora sakafuni kwa uji wa mchele nyayo ndogo zinazotoka mlangoni kuelekea ndani. Hakuna nyayo zinazoelekea nje.

Wafanyabiashara wa Kigujarati wana ibada yao ndani ya ibada hiyo, na ndiyo iliyovuka bahari kuja kwetu. Huitwa chopda pujan, ibada ya vitabu vya hesabu. Mwaka wao wa biashara unaishia Diwali. Vitabu vipya, vyenye jalada la kitambaa chekundu, huwekwa mbele ya picha ya Lakshmi, pamoja na Ganesha anayeondoa vikwazo na Saraswati wa elimu. Kwenye ukurasa wa kwanza huandikwa jina la heshima la Lakshmi, mstari juu ya mstari hadi litengeneze umbo la piramidi. Huwekwa jani la tambuu, popoo, sarafu na poda nyekundu. Baba, wana, makarani, wote wapo. Siku hizi kompyuta hupakwa poda hiyo hiyo. Waswahili wana methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari. Wenzao walikwenda hatua moja zaidi, wakaliwekea daftari taa na maua.

Unguja ilikijua kitabu hicho vizuri. Tangu miaka ya 1830, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, forodha ya Sultani ilikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, Wabhatia, Wahindu kutoka Kutch nchini India, na wakala wao Ladha Damji alikuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kuliko wote kisiwani. Wabaniani wa kizazi hicho waliwaacha wake zao Kutch, wakaishi kwa mboga na maziwa, wakakopesha huku na huku. Waliokopa waliwasema na waliwahitaji: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Mwaka ukiisha, vitabu vilifungwa na vingine vikafunguliwa mbele ya Lakshmi.

Je, mlikuwa na nini ndani ya vitabu hivyo? Hapa Kongo inaingia, na heshima ya ibada inaanza kuwa nzito. Mlikuwa na pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka Manyema, nchi ya Kasongo na Nyangwe, ambako misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip ilifanya makao. Tippu Tip mwenyewe alikopeshwa na Taria Topan, ambaye alikuwa Mwismailia. Lakshmi hana neno naye. Lakini pembe hizo zilipita forodhani, na forodhani ushuru uliandikwa na mtumishi wa Jairam Shivji. Hadi mkataba wa mwaka 1873 ulipopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, nao walitozwa ushuru kwa kichwa. Kila safu ya hesabu ilijumlishwa sawasawa. Uwazi wa kitabu ulikuwa wa nyumba na wadai. Mpagazi wa Kimanyema hakuwa na ukurasa wake.

Kuna wanaopenda kulinganisha mambo haya kwa namna inayowapendeza wenye maduka: kwamba Mhindi anaabudu mali mchana, mbele ya watoto wake, na ndiyo maana inadumu, ilhali Mwafrika anaihusisha na uchawi, na ndiyo maana haikai. Maneno hayo yanasikika Kampala, yanasikika Goma pia, hata vinywani mwa Wakongo wenyewe. Ni maneno ya haraka mno. Lakshmi na Mamba Muntu wanajibu maswali mawili tofauti. Ibada ya Lakshmi inauliza mali itunzwe vipi ili isiondoke. Kisa cha Mamba Muntu kinauliza nani alilipia. Nchi iliyotoa pembe, kisha mpira chini ya Leopold II, kisha shaba, na leo koltani ya Rubaya, ina kila sababu ya kuliuliza swali la pili kwanza. Utajiri ulionekana ukipita njiani. Bei yake ilionekana nyumbani. Kisa kinachosema kwamba tajiri amemtoa ndugu yake kina historia upande wake, hata kama hakuna samaki mwenye saa ya mkononi.

Nayo miaka ambayo picha zile zilienea kwenye sebule za Katanga si miaka mitupu. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatakabidhiwa kwa raia wa Zaire. Maduka ya Wagiriki, Wareno na Waasia, kuanzia Lubumbashi hadi Kivu, yalibadili wenyewe kwa orodha. Mtu alilala akiwa mwanasiasa, akaamka ana duka. Wengi waliuza kilichokuwa rafuni na hawakuagiza kingine; vitabu vya hesabu, kama vilipatikana, havikuwa na wa kuvisoma. Kufikia mwaka 1976 serikali ilikuwa inawabembeleza wenye maduka wa zamani warudi. Mali iliyokuja bila kueleweka na kuyeyuka bila kueleweka, katika muda wa miaka mitatu: mchoraji wa gunia la unga hakuhitaji kubuni sana.

Mwaka mmoja kabla ya tangazo hilo la Mobutu, ng'ambo ya mpaka, Wahindu walijaribiwa kwa namna nyingine. Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, muda ukaishia Novemba 8, 1972. Diwali ya mwaka ule iliangukia mwanzoni mwa Novemba hiyo hiyo, siku chache tu kabla ya mlango kufungwa. Mali iliyotunzwa kwa daftari na taa ilibaki Kampala na Jinja; wenyewe waliruhusiwa kutoka na fedha kidogo na mizigo ya mkononi. Lakshmi hatulii, vitabu vyao vilikuwa vimesema hivyo siku zote, lakini hakuna aliyetazamia ahame kwa amri ya redio. Baadhi ya walioondoka, au watoto wao, walirudi baada ya Museveni kuwarudishia majengo katika miaka ya 1990, na leo mahekalu ya Kampala huwaka taa tena kila Diwali.

Mamba Muntu hakurudi. Ukuta wa sebule ulimpoteza kadiri makanisa ya uamsho yalivyoongezeka, na leo mtu wa Mabanga akitundika picha yake atatembelewa na kikundi cha maombi kabla ya Jumapili. Mahali pake pamechukuliwa na Yesu mwenye moyo mwekundu, na kalenda za kampuni za simu. Mashaka, hata hivyo, hayakutundikwa kwa msumari, hivyo hayakuondoka na picha: mahubiri yenyewe yanamtaja sirène, jini la maji, tajiri aliyefanya agano, wakati huo huo yakimwahidi muumini gari na viza. Pasta anamfukuza Mamba Muntu kwa mkono mmoja na kwa mwingine anatoa ahadi zile zile, ila hapa ushuhuda unatakiwa kutolewa hadharani, kwa kipaza sauti. Huenda hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote.

Akina mama wa Mabanga wanaovuka mpaka kila alfajiri na beseni la mboga au nyanya kwenda na kurudi Gisenyi wana utaratibu wao, na haukungoja mungu wala benki. Ni vizuri, maana waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025 mabenki yalifunga, na noti ya dola ikawa kitu cha kutafutwa. Utaratibu huo ni likelemba. Wanachama hutoa kiasi kilekile kila wiki, na kila wiki mmoja huondoka na chungu kizima. Kikao hufunguliwa kwa sala. Mweka hazina anatoa daftari la shule lenye kona zilizokunjika, anasoma majina, fedha inahesabiwa juu ya kitambaa mbele ya macho ya wote, kisha inahesabiwa tena na mwingine. Hakuna taa, hakuna yungiyungi. Pengine kuna mabishano kuhusu noti iliyochanika, ambayo Goma hakuna anayetaka kuipokea. Anayepewa zamu yake anaifunga kwenye kitenge, na kabla hajafika nyumbani anajua tayari nani anamngoja: ada ya shule, mwenye nyumba, na pasta, anayetaka fungu lake la kumi likatwe kwanza kabla ya hayo mengine.